Kiima kiko wapi? Mwongozo kamili wa kupata kiima na shamirisho katika sentensi za Kiingereza

Kila wiki daftari ni zilezile na kosa ni lilelile. Naandika ubaoni "Yesterday morning my grandmother bought three coconuts", nauliza kiima (subject) ni kipi, na nusu ya kibaraza inaitikia kwa pamoja: "Yesterday!" Kwa nini? "Si ndiyo ya kwanza, mwalimu." Mwingine ananiambia coconuts, kwa kuwa habari yenyewe ni ya nazi. Wanaopata grandmother nao ukiwauliza sababu wanasema, "Yeye ndiye aliyetenda." Jibu hilo limewavusha leo, ila kesho litawaangusha, na hapo chini nitaonyesha litakavyowaangusha.

Nafundisha twisheni kibarazani, Ngamiani, hapa Tanga, na nimechoka kurudia maelezo haya kwa mtu mmoja mmoja. Hatua zote ziko hapa. Zifuate kwa mpangilio wake, usiruke.

## Kwanza jua unapokwama

Kiswahili kinambeba kila mtu ndani ya kitenzi. Chukua "alizinunua": a- ni bibi, -zi- ni nazi. Kwa sababu hiyo tunaweza kusema "bibi amenunua nazi" au "nazi amezinunua bibi", na hakuna atakayedhani kwamba nazi ndizo zilizokwenda sokoni Mgandini na kapu.

Kitenzi cha Kiingereza hakina mizigo hiyo. "Bought" haikwambii nani wala nini. Kinachokwambia ni nafasi: aliyekaa kabla ya kitenzi na aliyekaa baada yake. Ukiandika "Three coconuts bought my grandmother", umesema nazi tatu zimemnunua bibi yako.

Kwa hiyo acha kuwinda mtenda. Winda nafasi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na penseli. Bluu ni ya kiima, nyekundu ni ya shamirisho (object), penseli ni ya kitenzi.
- Ukurasa mmoja wa Kiingereza chepesi, wenye sentensi zisizozidi maneno 15 hivi.
- Orodha hii ya vihusishi, iandike nyuma ya daftari: of, in, on, at, to, into, for, from, with, by, near, under, along.
- Jozi hizi za viwakilishi: I na me, he na him, she na her, we na us, they na them. Cha kwanza katika kila jozi hukaa kwenye kiima, cha pili hukaa kwenye shamirisho. You na it havibadiliki.
- Dakika 40 zisizo na simu. Kamusi huihitaji, na ukifika hatua ya 4 utaona sababu.

## Hatua ya 1: Kamata kitenzi, tena kizima

Usiguse kiima kabla ya kupata kitenzi. Nafasi ni kabla na baada ya kitu fulani, na kitu chenyewe ni kitenzi. Ukikikosa hiki, yote yanayofuata ni kubahatisha.

Namna ya kukipata ni kubadilisha wakati. Isome sentensi kama jambo la kila siku, kisha isome kama jambo la jana. Neno litakalogeuka ndilo kitenzi:

"Every day the women fry cassava."
"Yesterday the women fried cassava."

Women haikugeuka, cassava haikugeuka. Fry imegeuka. Izungushie penseli.

Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi kina wasaidizi, na wasaidizi nao ni wake: will sell, has gone, are waiting, had been repaired. Zungushia wote. Kama katikati pamepenya not, never, always au already, hayo yaache nje ya duara.

Tahadhari ni kwa maneno mawili yanayojifanya vitenzi. La kwanza ni lile lililotanguliwa na to. Katika "The visitors want to see the caves", ukiipeleka jana unapata wanted, lakini see inabaki see. Kitenzi kikuu ni want. La pili ni neno lenye -ing lisilotanguliwa na am, is, are, was, were, be au been. Hilo peke yake haliendeshi sentensi.

## Hatua ya 2: Geuza sentensi iwe swali la ndiyo au hapana

Ningeambiwa nifundishe hatua moja tu, ningefundisha hii.

Kama kitenzi kina msaidizi, mlete mbele. Kama hakina, tumia do, does au did, na urudishe kitenzi katika umbo lake la asili:

"The fishermen at Deep Sea will sell the kingfish before noon."
"Will the fishermen at Deep Sea sell the kingfish before noon?"

Tazama kilichobanwa kati ya Will na sell: the fishermen at Deep Sea (Deep Sea ni soko la samaki hapa Tanga). Hicho ndicho kiima, chote, kuanzia the hadi Sea. Kipigie mstari wa bluu.

Sasa turudi kwa bibi na nazi zake. "Did my grandmother buy three coconuts yesterday morning?" Kati ya Did na buy amekaa my grandmother peke yake. Yesterday morning imekimbilia mwisho, na haiwezi kurudi pale katikati hata ukiivuta kwa kamba. Hiyo ni chagizo, inaeleza lini. Kutangulia kwenye mstari hakuifanyi kuwa kiima.

Ukikutana na is, are, was au were peke yake, kama katika "The oranges are sweet", swali litakuwa "Are the oranges sweet?" Hapo hakuna kitenzi cha pili cha kukuonyesha mpaka, basi jaribu kiwakilishi: "Are they sweet?" Kile kilichomezwa na they ndicho kiima.

Utajua umefaulu ukiweza kuondoa mstari wote wa bluu, ukaweka he, she, it, we au they, na sentensi ikabaki imesimama. "They will sell the kingfish" imesimama. Ukiondoa fishermen tu unapata "The they at Deep Sea", na hapo hata sikio linakataa.

Jaribio hilohilo ndilo linalotibu "My brother and me went to Korogwe". Mwondoe brother. Je, utasema "Me went"? Kwa kuwa "mimi" yetu ni mimi tu, mbele na nyuma, kosa hili hatulisikii mpaka tumpunguze mtu mmoja.

## Hatua ya 3: Toa kiini ndani ya kiima

Kiima kinaweza kuwa kirefu, lakini anayeamua kama utaandika has au have ni nomino moja ndani yake. Hapa alama nyingi hupotea.

"The price of oranges has gone up."

Wanafunzi wengi huandika have gone up, kwa sababu oranges imekaa jirani na kitenzi. Kata kila kinachoanza na kihusishi: of oranges inaondoka, inabaki price. Bei ni moja, basi ni has.

Kiswahili chako, ambacho hatua iliyopita kilikuponza, hapa kinakuokoa. Machungwa ya Muheza yakiadimika, unasemaje? "Bei ya machungwa imepanda." Hujawahi kusema "yamepanda", wala mama yako hajawahi. Ile i- inakwambia kiini ni bei. Tafsiri sentensi kichwani, sikiliza kiambishi cha kwanza cha kitenzi, kisha rudi kwenye Kiingereza.

Tahadhari mbili. Kwanza, a lot of, some of, most of na jamaa zao huvunja sheria ya kukata: "A lot of people are waiting" ina are kwa sababu ya people. Pili, kiambishi cha Kiswahili hakikusaidii pale tunapotumia mahali. Tunasema "sokoni kumejaa watu" na ku- inataja soko, lakini Mwingereza anaweza kuanza na "There are many people in the market". There hapo amemshikia mwenzake kiti, kama kwenye daladala. Kitenzi ni are kwa ajili ya people, na katika sarufi ya shule people ndicho kiima halisi.

## Hatua ya 4: Uliza "what?" au "whom?" baada ya kitenzi

Chukua kiima na kitenzi, kisha uliza. My grandmother bought what? Three coconuts. Piga mstari mwekundu. Hiyo ni shamirisho kipozi, yaani inayopokea tendo moja kwa moja.

Sharti ni moja: jibu lifikiwe bila kupita kwenye kihusishi. "They went to Pangani" haina shamirisho, kwa kuwa Pangani iko nyuma ya to. Sisi husema "walikwenda Pangani" bila kuweka chochote katikati, ndiyo maana mkono unavutwa kuchukua kalamu nyekundu. Uzuie.

Vivyo hivyo "We waited for the bus". Kwa Kiswahili tumesubiri basi, na basi ni shamirisho ya kusubiri. Kwa Kiingereza bus iko chini ya for, na waited imebaki bila shamirisho kipozi.

Kuna na kinyume chake, nacho hakisemwi sana. Sisi tunaingia pangoni, kwa kiambishi cha mahali. Kiingereza kinasema "They entered the cave", bila kihusishi, na the cave ni shamirisho kamili. Ukisema "They went into the cave", shamirisho imetoweka ingawa watu ni walewale na pango la Amboni ni lilelile. Maana haikubadilika. Nafasi ndiyo iliyobadilika.

Ukiwa na shaka, jaribu kauli ya kutendwa. Shamirisho ya kweli kwa kawaida hukubali kupanda mbele ikawa kiima: "Three coconuts were bought." Sasa jaribu "Yesterday morning was bought". Umeona.

Na hii ndiyo sababu ya kuacha kamusi. Soma sentensi hii niliyoibuni, maneno yake makuu hayana maana yoyote: "The glimp snorked the blaves." Kiima? The glimp. Shamirisho? The blaves. Nilipoiandika ubaoni, kijana ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu mwaka uanze alijibu yote mawili sahihi. Kisha akauliza, "Mwalimu, glimp ni mnyama gani?"

## Hatua ya 5: Chuja be, become na seem

"My uncle hired a captain" na "My uncle became a captain" zinafanana kwa sura. Uliza what au whom, zote zinajibu a captain. Tofauti iko wapi?

Hesabu watu. Katika ya kwanza wako wawili, mjomba na nahodha aliyekodiwa. Katika ya pili yupo mmoja tu, mjomba mwenyewe, ambaye sasa ni nahodha. Neno linalorudi kumweleza kiima si shamirisho, ni kijalizo. Kauli ya kutendwa inathibitisha: "A captain was hired" inakubali, "A captain was become" haikubali.

Vitenzi vya kuhofia ni am, is, are, was, were, become, seem na remain. Ukiviona vikiwa kitenzi kikuu, si wasaidizi, kalamu nyekundu iweke chini.

## Hatua ya 6: Shamirisho zikiwa mbili

"My aunt cooked the guests rice."

Binti mmoja wa kidato cha tatu alipiga mstari mwekundu chini ya the guests, akaandika pembeni "kipozi". Nikamwambia asome kwa sauti maana ya alichokiandika. Mzee anayeuza kahawa jirani yetu aliweka birika chini, akageuka: "Wageni wamepikwa, mwanangu?" Kibaraza kizima kikaangua kicheko, na naamini hakuna aliyekuwepo siku ile atakayelikosa tena swali hilo.

Kosa lake lina chanzo cha haki. "Aliwapikia wageni wali" ina -wa- katikati ya kitenzi, na -wa- ni wageni. Kiswahili kinampa heshima anayetendewa kwa kumweka ndani ya kitenzi. Sisi tumezoea kuona shamirisho hapo, basi tunamkamata yeye.

Fanya hivi. Uliza kwanza kilichopikwa: rice, hiyo ni kipozi. Kisha uliza kilipikwa kwa ajili ya nani: the guests, hiyo ni kitondo. Hakikisha kwa kuihamisha kitondo nyuma ukitumia to au for: "My aunt cooked rice for the guests." Ikihama kwa amani, umepata. Baadhi ya vitenzi vinavyobeba shamirisho mbili ni give, send, show, bring, buy, cook na tell.

## Hatua ya 7: Sentensi zilizogeuzwa

Hapa ndipo "kiima ni mtenda" inapoanguka.

"The nets were repaired by the fishermen." Mtenda ni wavuvi, hakuna ubishi. Lakini lifanye swali: "Were the nets repaired by the fishermen?" Kilichobanwa ni the nets. Kiima ni nyavu, na hata Kiswahili kinakubali: "nyavu zilishonwa na wavuvi", zi- ya nyavu. Wavuvi wako nyuma ya by, hawana cheo tena. Shamirisho haipo.

Amri ni nyepesi. "Wash the plates" ina kiima kilichojificha, you. Shamirisho ni the plates.

Maswali ya who na what yanataka jicho. Linganisha:

"Who saw the boy?"
"Who did the boy see?"

Ya kwanza haina did, basi Who ndiye kiima na the boy ni shamirisho. Ya pili ina did, na the boy amebanwa kati ya did na see, basi yeye ndiye kiima na Who amekuwa shamirisho iliyotangulizwa mbele. Kwa kawaida, ukiona do, does au did, neno la kuulizia si kiima. Kukanusha kuna njia yake: "Who did not come?" ina did, lakini Who bado ni kiima, kwa sababu kati ya did na come hakuna mtu, kuna not tu.

## Sentensi moja, mwanzo hadi mwisho

"On Friday evening, the young man from the bicycle shop near Mkwakwani brought my grandmother a basket of oranges."

Ni ndefu makusudi. Kitenzi: ukiifanya ya kila Ijumaa utapata brings, basi ni brought. Swali: "Did the young man from the bicycle shop near Mkwakwani bring my grandmother a basket of oranges?" Mstari wa bluu unaanzia the young man mpaka Mkwakwani. Kata vihusishi viwili, from na near: kiini ni man. Si shop, wala si Mkwakwani, ingawa uwanja huo wa mpira umekaa ubavuni mwa kitenzi.

Brought what? A basket of oranges, kipozi, na kiini chake ni basket. Kwa nani? My grandmother, kitondo. On Friday evening ni chagizo. Weka viwakilishi uone kama inasimama: "He brought it to her." Imesimama.

## Jipime

Fanya hizi kwa kalamu tatu kabla ya kushuka kwenye majibu.

1. In the evening the children ride bicycles along the beach at Raskazone.
2. The smell of the frying fish woke the neighbours.
3. My sister became a nurse.
4. Who did the goalkeeper blame?
5. The sacks were carried to the lorry by six men.
6. Send your father the money.
7. Repairing old bicycles feeds his family.

Majibu. Ya 1: kiima the children, shamirisho bicycles. Ya 2: kiima ni The smell of the frying fish, kiini smell, shamirisho the neighbours. Ukiandika fish, rudi hatua ya 3. Ya 3: kiima My sister, shamirisho hakuna. Ya 4: kiima the goalkeeper, shamirisho Who. Ya 5: kiima The sacks, shamirisho hakuna. Ya 6: kiima you iliyofichwa, kitondo your father, kipozi the money.

Ya 7 huwakwamisha hata wazuri. Kitenzi ni feeds, kwa kuwa ndicho kinachogeuka ukikipeleka jana. Kiima ni Repairing old bicycles, tendo zima, kama tunavyosema "kutengeneza baiskeli kunailisha familia yake" kwa ku-. Lingekuwa bicycles peke yake, tungeandika feed bila s. Shamirisho ni his family. Na old bicycles? Nayo ni shamirisho, ila ni ya repairing, ndani ya kiima. Kama uliiona bila kuambiwa, hatua ya 1 hadi ya 4 huzihitaji tena.